Kabla ya Kuihukumu Giaboksi: Ushauri kwa Mafundi Wanaoanza Gereji

Mwanagenzi aliyeingia gereji hivi karibuni, awe Kampala, Mbale, Arua au Mbarara, hatakaa muda mrefu kabla ya kuletewa gari la familia la viti saba au vinane lililotumika Japani miaka kadhaa kabla ya kufika Uganda. Litakuwa Toyota Ipsum, Noah, Voxy au Wish, pengine Nissan Serena au Honda Odyssey, na karibu kila mara litakuwa na giaboksi ya otomatiki. Tangu mwaka 2018 sheria yetu imekataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yale yaliyokuwa yameshaingia hayakuondoka. Yangali yanapeleka watoto shule, yanachukua wagonjwa hospitali, na kila mwisho wa mwaka yanapakia ndugu pamoja na magunia kwenda kijijini. Kwa hiyo giaboksi iliyochoka ni kazi ya kila siku kwetu, na fundi anayetaka kudumu katika biashara hii hana budi kujua namna ya kuutafuta ugonjwa wake.

Ninaloomba mlishike tangu siku ya kwanza ni hili: giaboksi ishushwe mwisho, baada ya kila kilicho nje yake kupimwa na kuonekana hakina hatia. Nasema hivyo kwa sababu mazingira yetu yanamsukuma fundi afanye kinyume. Kwa aliye Kampala, giaboksi iliyotumika hupatikana siku hiyohiyo katika soko la Kisekka au kule Ndeeba, na vijana wawili wenye jeki nzuri wanaweza kuishusha ya zamani na kuipandisha nyingine bila kumuuliza mtu swali hata moja. Wepesi huo ndio hatari yenyewe. Gari hurudi barabarani likitetemeka vilevile, mwenye gari akiwa amelipia giaboksi asiyoihitaji, huku koili ya plagi iliyokuwa ikikosa moto imebaki palepale juu ya injini.

Kazi huanza kwa maswali. Mteja akikwambia kwamba giaboksi imekufa, hajakupa taarifa bado; amekupa hukumu, na mara nyingi hukumu hiyo ameipokea kwa jirani au kwa fundi aliyemwona kabla yako. Mwombe akueleze kile anachokisikia na kukiona. Je, shida huja asubuhi oili ikiwa baridi, au baada ya kukaa saa nzima kwenye foleni ya Jinja Road? Gari huchelewa kushika linapowekwa D, au hushika kisha likateleza? Kishindo hutokea wakati wa kupanda kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, au wakati wa kusimama? Kurudi nyuma kuna shida? Tatizo lilianza ghafula au lilikua polepole? Na wiki iliyotangulia, nani aligusa gari na kufanya nini? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa magari mengi huanza kuugua muda mfupi baada ya kufanyiwa sevisi, na ukifuatilia utakuta imemiminwa oili isiyo yake au soketi ya nyaya haikurudishwa hadi mwisho.

Uliza pia kama gari limewahi kuvutwa kwa kamba. Katika otomatiki nyingi pampu ya oili huzungushwa na injini. Gari la kuvuta kwa magurudumu ya mbele likiburutwa mwendo mrefu magurudumu hayo yakiwa chini na injini imezimwa, sehemu za ndani huzunguka bila oili ya kutosha. Uliza kama lilipita kwenye maji ya mafuriko, jambo ambalo wakazi wa Bwaise wanalifahamu vizuri, kwa sababu maji yakifika juu huingia kupitia tundu la kupumulia la giaboksi. Uliza kama dereva ana tabia ya kuweka fri kwenye miteremko mirefu ya Kabale au Kapchorwa ili kuokoa petroli. Maswali haya yaulizwe kwa heshima, hasa kwa mtu mzima. Mzee akiona kwamba unamtafutia kosa atakuficha jambo lile hasa unalolihitaji, lakini akiona kwamba unataka kumpunguzia gharama atakueleza hata yale ambayo dereva wake hakumwambia fundi wa kwanza.

Baada ya hapo, tambua ni giaboksi gani iliyo mbele yako. Kwenye Toyota kuna kibati, ama ndani ya chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango, chenye mstari unaoonyesha namba ya giaboksi. Ipsum ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.4 kwa kawaida ina giaboksi ya gia nne inayoitwa U241E. Noah na Voxy za kizazi kilichoanza mwaka 2001 zilikuja na gia nne, kisha zilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2004 zikapewa giaboksi ya mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili, ile inayoandikwa CVT. Noah mbili zinaweza kuegeshwa ubavu kwa ubavu, zikafanana kwa sura, na kila moja ikataka oili tofauti na vipimo tofauti. Ile ya gia nne ya wakati huo hutumia Toyota T-IV. Ile ya mkanda hutumia oili ya CVT, na kuimiminia oili nyekundu ya kawaida ni kuufanya mkanda uteleze juu ya puli hadi zikwaruzike. Nimekutana na magari ya namna hiyo zaidi ya nilivyotarajia, na katika kila moja mtu alikuwa ameamini kwamba oili yoyote nyekundu inatosha. Haitoshi. Oili huchaguliwa kwa kusoma kibati na kitabu cha gari.

Sasa tuje kwenye oili yenyewe, ambayo inasema mengi kuliko kompyuta ikiwa fundi ana subira. Kwenye Toyota zenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma, oili ikiwa imepata joto la kazi la nyuzi 70 hadi 80 hivi za Selsiasi, baada ya mkono wa gia kupitishwa polepole katika nafasi zote na kurudishwa P. Honda huenda kinyume: gari hupashwa moto, injini huzimwa, kisha kipimo huchukuliwa kabla ya dakika moja na nusu kupita. Kijana anayeipima Ipsum ikiwa imezimwa ataona oili imezidi, kwa sababu ile iliyokuwa ikizunguka imeshuka chini. Ataipunguza akidhani anasaidia, na kesho yake gari litaanza kuteleza kwenye kona na milima. Oili iliyozidi nayo ina madhara, kwani vyuma vinavyozunguka huipiga hadi itoe povu, na povu halina nguvu ya kubana klachi, yaani sahani za ndani zinazoshikisha gia. Magari mengine ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa. Hayo hupimwa kwa kufungua bolti maalumu chini huku joto la oili likisomwa kwa mashine, na asiye na mashine hiyo asiyaguse.

Weka matone machache juu ya kitambaa cheupe. Oili iliyogeuka kahawia kidogo kwa umri si ugonjwa. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha kwamba klachi zimekuwa zikiteleza na kujichoma. Oili yenye rangi ya waridi iliyofifia, nzito kama mtindi, ni dalili ya maji, na hapo kazi husimama mara moja: usilipeleke gari barabarani, usiliache liungurume ukisubiri mwenye gari afike. Magari mengi haya hupoza oili ya giaboksi kwa bomba lililopita ndani ya rejeta. Bomba hilo likipasuka kwa kutu, maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi na oili huonekana ikielea ndani ya rejeta. Wenye magari wanaojaza maji ya bomba badala ya kipoza-injini kinachofaa hulialika tatizo hilo. Gundi inayoshikilia kitambaa cha klachi haivumilii maji, kwa hiyo kubadilisha rejeta peke yake bila kusafisha giaboksi ni nusu ya tiba, na oili ikiwa ilikaa na maji muda mrefu hata kuisafisha huenda kusiiokoe.

Kama oili inatia shaka, fungua sinia ya chini na utazame sumaku zilizomo. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa chuma kwa chuma. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kidole, chembe za rangi ya shaba zitokazo kwenye bushi, au punje nyeusi nyingi za kitambaa cha klachi, hizo ni habari mbaya, na hapo unaweza kuanza kumwandaa mwenye gari kwa gharama. Kabla hujaifungua, tazama kama sinia imebonyea. Barabara zetu za murami hurusha mawe, na sinia iliyobonyezwa juu inaweza kukaribiana na kichujio hadi oili isinyonywe vizuri.

Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha oili katika giaboksi ya zamani huiua. Imani hiyo ina chembe ya ukweli iliyofungwa ndani ya maelezo yasiyo sahihi. Giaboksi iliyokuwa nzima haifi kwa kupewa oili mpya inayostahili. Ile iliyokuwa inateleza tayari, ikapelekwa kubadilishiwa oili kama jaribio la mwisho, itaendelea kufa, na lawama itamwangukia aliyeigusa mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga oili nyeusi kwenye gari linaloteleza, mwambie mwenye gari kwa maandishi kwamba oili mpya huenda isibadilishe kitu. Mimi hupendelea kumwaga na kujaza kwa awamu. Katika U241E hutoka chini ya nusu ya oili yote kwa mara moja, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya konvata, kile chombo cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Gari liendeshwe kwa siku kadhaa, kisha lirudiwe. Mashine za kusukuma oili kwa nguvu sizipendi kwa giaboksi ya umri huu, na dawa za chupa zinazoahidi kuponya kuteleza sizipendi zaidi.

Oili ikiwa haina maji na kiwango chake ni sahihi, endesha gari mwenyewe. Usitosheke na kuzunguka uwanja wa gereji. Chagua njia yenye mwendo wa kutulia, kama Northern Bypass wakati usio na foleni, kisha mlima wa maana, kama ule wa Muyenga au wa Naguru, na umchukue mwenzako wa kuandika. Kabla ya kuondoka, shika breki, weka N kisha D, na upime muda hadi utakapohisi gari limeshika. Vitabu vya Toyota huweka kikomo cha sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Ukiona D inachelewa na R ni ya kawaida, washukiwa ni wale wanaohusika na kwenda mbele peke yake. Zote mbili zikichelewa, fikiria presha ndogo ya oili, kichujio kilichoziba au pampu iliyochoka.

Barabarani, jicho lako moja liwe kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Mshale ukiruka juu kati ya gia mbili wakati gari halijaongeza mwendo, klachi ya gia inayofuata imechelewa kubana. Gari likiondoka kwa uzito kana kwamba lina mzigo, kisha likakimbia vizuri likishapata mwendo, huenda kompyuta imelifungia kwenye gia ya juu ili kujilinda, na hapo shida inaweza kuwa ya umeme. Gari likitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, kanyagio la mafuta likiwa limeguswa kidogo tu, gusa breki kwa wepesi sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia kanyagio. Kitendo hicho huifanya kompyuta ifungue klachi iliyomo ndani ya konvata. Mtetemo ukikoma papo hapo, chunguza klachi hiyo na oili yake. Ukiendelea, rudi kwenye injini, plagi na shafti. Jaribio hili halikugharimu chochote, nalo limeokoa giaboksi nyingi.

Jaribio la kukanyaga breki zote na kubonyeza mafuta hadi mwisho gari likiwa kwenye D, ili kusoma mizunguko ya juu kabisa, lina manufaa yake, lakini nawasihi wanaoanza walifanye mbele ya fundi mkuu peke yake. Lisizidi sekunde tano, mtu yeyote asisimame mbele ya gari, na lisifanywe kwenye giaboksi ya mkanda. Mizunguko ikizidi kipimo cha kitabu, klachi zinateleza. Ikipungua, injini ni dhaifu au konvata ina kasoro. Mkumbuke kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale iko juu zaidi, kwa hiyo injini isiyo na tabo hutoa nguvu pungufu huku kwetu kuliko ile iliyopimwa usawa wa bahari, na upungufu mdogo wa mizunguko usikutishe.

Hapa ndipo ninapotaka mkae kwa muda: vitu vilivyo nje ya giaboksi ambavyo hujifanya giaboksi. Cha kwanza ni mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia mahali pake. Gari linalopiga kishindo ukitoka R kwenda D, au unapoachia mafuta ghafula, mara nyingi lina mauntingi iliyochanika. Fungua boneti, mwenzako ashike breki na kubadilisha kati ya R na D, nawe usimame ubavuni utazame kama injini inaruka. Cha pili ni injini inayokosa moto. Silinda moja ikikosa moto gari likiwa kwenye gia ya juu, mtetemo wake hufanana mno na ule wa konvata. Injini ya lita 2.0 ya Noah na Voxy za kuanzia 2001, yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina sifa ya kujaza masizi kwenye njia za hewa, nayo husumbua mwendo wa pole wa injini hadi mtu akadhani giaboksi inashikashika. Cha tatu ni katalisti (kisafisha-moshi) ya ekzosi iliyoziba: gari hukosa nguvu, hukawia kupanda gia kwa sababu dereva anazidi kukanyaga, na kila mtu husema linateleza. Tofauti yake ni rahisi kuiona. Giaboksi inayoteleza hupandisha mizunguko bila mwendo. Injini iliyozibwa pumzi hukosa hata hiyo mizunguko.

Kuna pia kiungo cha ndani cha shafti ya gurudumu kilicholika, ambacho hutikisa gari wakati wa kuongeza mwendo na kutulia ukiachia kanyagio. Kuna beringi ya gurudumu inayounguruma, na mlio wake hubadilika ukiyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, jambo ambalo beringi ya giaboksi kwa kawaida hailifanyi. Kuna breki iliyoganda inayolifanya gari zito. Kuna bushi ya waya wa mkono wa gia iliyochakaa, kiasi kwamba mkono unaonyesha D wakati valvu ya ndani haijafika D. Kuna swichi ya nafasi ya gia iliyoingia maji, ambayo humfanya mtu akose taa za kurudi nyuma, au gari likatae kuwaka likiwa P na kuwaka likiwa N. Na kwa magari ya miaka ya 1990 kuna kamba itokayo kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) hadi kwenye giaboksi. Kamba hiyo ikilegea, presha ya oili hupungua, gia hupanda mapema kwa ulegevu, na klachi huungua polepole bila mtu kuishuku kamba.

Wakazi wa milimani hulalamikia pia kishindo kikubwa asubuhi wanapotoa gari kwenye P. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa. Gari limelala usiku kucha likiegemea jino la maegesho kwa sababu handibreki haikuvutwa kwanza, na jino hilo linapochomolewa hupiga. Mfundishe mwenye gari kushika breki, kuvuta handibreki, kuachia breki ili uzito uishukie handibreki, kisha aweke P. Usimtoze pesa kwa ushauri huo, atarudi.

Kompyuta ya kupimia ina nafasi yake baada ya hayo, au sambamba nayo. Mashine ndogo za bei nafuu husoma injini lakini nyingi hazifiki kwenye giaboksi, na baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayaongei na mashine za kawaida hata kama soketi inafanana. Toyota za zamani zaidi zinaweza kusomwa bila mashine: ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi huwaka na kuzima kwa kuhesabu namba. Namba 62 na 63 ni za solenoidi (valvu zinazoendeshwa kwa umeme) za kubadili gia, 64 ni ya klachi ya konvata, 61 na 42 ni za senso za mwendo. Kwenye magari mapya zaidi utaona kodi, yaani namba za hitilafu, kama P0750 kwa solenoidi ya kwanza, P0720 kwa senso ya mzunguko unaotoka, au P0741 kwa klachi ya konvata.

Kodi haisemi kipuri gani kinunuliwe. Inataja mzunguko wa umeme au tabia iliyoonekana. P0750 inaweza kutokana na solenoidi, na inaweza kutokana na waya uliotafunwa na panya, ambao katika magari yanayoegeshwa karibu na stoo za nafaka ni washukiwa halisi. Kwa hiyo pima. Solenoidi za kuwasha na kuzima za Toyota nyingi za umri huu zina ukinzani wa omu 11 hadi 15 zikiwa baridi. Ukipata namba hiyo kwenye soketi ya giaboksi lakini usiipate kwenye soketi ya kompyuta, waya ndio mgonjwa. Pima pia betri na alteneta, kwa maana umeme mdogo huleta kodi nyingi zisizo na uhusiano. Usifute kodi kabla ya kuziandika. Na kompyuta yenyewe haiko juu ya shaka: Toyota RAV4 za 2001 hadi 2003, zenye giaboksi za ukoo huohuo wa Ipsum ya pili, zilijulikana kwa kompyuta iliyoharibika na kufanya gia zigonge kwa nguvu, na gari lililobadilishiwa giaboksi bila kompyuta kushughulikiwa liliendelea kugonga.

Ikiwa umeme ni mzima na vilivyo nje ni vizima, ndipo uanze kufikiria ndani, na hapo kuna maarifa ambayo mafundi wengi huyaruka ingawa yamo katika kila kitabu cha giaboksi: jedwali la klachi zinazofanya kazi katika kila gia. Gia moja hutumia klachi na breki za ndani ya giaboksi zaidi ya moja, na klachi moja hutumika katika gia zaidi ya moja. Katika giaboksi nyingi za Toyota za gia nne, ile klachi inayoingia gari linapopanda gia ya tatu ndiyo pia inayobeba R. Basi gari likiondoka vizuri, likapanda ya pili vizuri, likaruka mizunguko kuelekea ya tatu, na kurudi nyuma kukawa kwa shida, hupaswi kubahatisha. Makosa mawili yamekutana kwenye klachi moja. Likikosa kwenda mbele lakini R ikashika, mshukiwa ni klachi ya mbele. Likikosa yote mawili, rudi kwenye kiwango cha oili, waya wa mkono wa gia, pampu na konvata kabla ya kitu kingine. Mwanagenzi anayelichora jedwali hilo kwenye daftari lake kwa kila giaboksi anayokutana nayo atawazidi, baada ya mwaka, watu waliomtangulia kwa muda mrefu.

Kwa giaboksi za gia nne za miaka ya 1990 kuna jaribio la kuthibitisha: chomoa soketi ya solenoidi na uendeshe kwa mkono. Kwa kawaida L itakupa gia ya kwanza, 2 itakupa ya tatu, na D itakupa ya nne. Gia hizo zikishika kwa nguvu bila msaada wa kompyuta, vyuma vina afya na shida ni ya umeme. Zikiteleza vilevile, umeme hauna kesi. Mwenye uwezo anunue pia geji ya presha ya oili, kwani tundu lake liko kwenye giaboksi na dakika chache za kulitumia hutenganisha pampu iliyochoka na klachi iliyokwisha.

Giaboksi ya mkanda huugua kwa namna yake. Haina vishindo vya kubadili gia, kwa hiyo sikiliza mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo, gari linalokawia kuitikia kanyagio, au lile linalopoteza nguvu kwenye mlima mrefu likiwa limejaa watu na kurejea hali yake baada ya kupoa. Hilo la mwisho ni joto. Tazama rejeta, feni na oili kabla ya kuushuku mkanda. Mkanda uliokwisha kukwaruza puli hautengenezeki kwa vifaa vilivyomo katika gereji zetu nyingi, na ni afadhali kumwambia mteja hivyo mapema.

Ikithibitika kwamba giaboksi lazima ibadilishwe, beba namba ya kibati hadi sokoni, usibebe jina la gari pekee. Linganisha namba hiyo na ile ya giaboksi unayouziwa, idadi ya pini kwenye soketi, na nafasi za senso. Omba ije na konvata yake. Fungua sinia mbele ya muuzaji utazame sumaku. Muuzaji anayekataa amekujibu. Andikianeni muda wa majaribio na masharti ya kurudisha, kwa kuwa giaboksi iliyotumika haiwezi kupimwa ikiwa juu ya meza. Kabla ya kuipandisha, safisha mabomba ya kupozea na sehemu ya rejeta inayopitisha oili, au uibadilishe kabisa, maana uchafu wa ile iliyokufa umelala humo, nao utaingia kwenye ile mpya siku ya kwanza. Hakikisha konvata imeingia hadi mwisho na inazunguka bila kugusa kabla ya kufunga bolti, jaza oili ukipima kwa joto sahihi, kisha mwombe mwenye gari alirudishe baada ya siku chache ili kiwango kipimwe tena na viungo vya mabomba vitazamwe kama vinavuja.